Njia za mkato za damu ya ini kwa watoto: kutoka dalili hadi chanzo

Mtoto aliyezaliwa na muunganiko usio wa kawaida wa mishipa ya damu ya ini mara chache huletwa hospitali kwa ajili ya ini lenyewe. Huletwa kwa sababu anasinzia darasani, au sukari yake inashuka bila maelezo, au anahema sana akipanda kilima, au eko ya moyo (ultrasaundi ya moyo) imeonyesha shinikizo kubwa kwenye mapafu ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Vipimo vya kawaida vya ini hurudi vikiwa vizuri, au vimepanda kidogo tu, na ini likaondolewa kwenye orodha ya washukiwa mapema mno. Mwongozo huu umeandikwa kwa wazazi na kwa wahudumu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambao ndio humwona mtoto huyu kwanza, na kwa sababu hiyo unaanzia pale wanapoanzia wao, yaani kwenye dalili.

Kinachotokea ndani ya mwili

Damu inayotoka kwenye utumbo, wengu na kongosho hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa uitwao mshipa wa porta, ambao huipeleka kwenye ini kabla haijaingia katika mzunguko wa mwili mzima. Karibu robo tatu ya damu yote inayofika kwenye ini huja kwa mshipa huo, na sehemu iliyobaki huletwa na ateri ya ini. Ini hufanya kazi ya forodha bandarini: hukagua kila kilichonyonywa kutoka kwenye chakula, huzuia amonia, hupunguza makali ya homoni, huchuja sumu, kisha huruhusu kilichobaki kipite. Mtoto tunayemzungumzia hapa ana njia ya panya. Kuna mshipa unaounganisha porta na vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, au na mshipa mwingine wa mwili, na sehemu ya damu, wakati mwingine karibu yote, hupita humo bila kukaguliwa.

Kasoro hii huanzia tumboni mwa mama, kati ya wiki ya 4 na ya 10 ya ujauzito, wakati mtandao wa mishipa ya awali ya kiinitete unapojipanga upya, baadhi ya mishipa ikibaki na mingine ikitoweka. Mshipa uliopaswa kutoweka husalia. Aina nyingine ni ile ambapo duktasi venosasi, njia ya halali inayopitisha damu ya kondo kando ya ini wakati mtoto angali tumboni, haifungi baada ya kuzaliwa kama inavyopaswa. Daktari wa upasuaji wa London, John Abernethy, alikwisha kuieleza kasoro ya kundi hili mwaka 1793, baada ya kuuchunguza mwili wa mtoto wa kike ambaye mshipa wake wa porta uliingia moja kwa moja kwenye vena kava. Makadirio yanayotumika sana ni mtoto 1 kati ya 30,000 wanaozaliwa. Mama anayeuliza alikosea nini wakati wa ujauzito anastahili jibu la wazi: hakuna chakula, dawa ya kawaida wala kazi inayojulikana kuisababisha. Mara nyingi hutokea peke yake katika familia, ingawa huonekana zaidi kwa watoto wenye kasoro za moyo za kuzaliwa, wenye wengu mdogo mdogo mwingi badala ya mmoja, wenye sindromu ya Down au ya Turner, na wenye alama nyekundu nyingi za mishipa ya damu kwenye ngozi.

Dalili kwa mtoto mchanga: umanjano usioisha na maziwa yanayoleta utata

Umanjano unaoendelea baada ya siku 14 una sababu nyingi, na iliyo ya haraka kuliko zote ni kuziba kwa njia za nyongo, kwa kuwa upasuaji wake hufaa zaidi ukifanywa mapema. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama kinyesi. Kinyesi cheupe au cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, pamoja na kupanda kwa bilirubini iliyounganishwa (rangi ya manjano ambayo ini limekwisha kuishughulikia), ni rufaa ya siku hiyo hiyo, bila kumpa mama ahadi ya kumwanika mtoto juani. Kinyesi kikiwa na rangi yake na umanjano ukiendelea, njia ya mkato ya damu ni mojawapo ya mambo ya kutafutwa, hasa ikiwa mtoto alizaliwa na uzito mdogo kuliko umri wa mimba yake.

Ishara nyingine hutoka kwenye maziwa. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, huvunjwa kuwa glukosi na galaktosi, na kwa kawaida ini huidaka galaktosi mara tu inapofika. Damu ikilikwepa ini, galaktosi hubaki mwilini na kumwagika kwenye mkojo. Katika nchi zinazopima watoto wote wanaozaliwa kwa tone la damu la kisigino, hapa ndipo watoto wengi wenye kasoro hii hugunduliwa: galaktosi iko juu, lakini kimeng'enya cha kuivunja kipo na kinafanya kazi. Mahali ambapo uchunguzi huo haupo, kipimo cha Benedict, kile kile ambacho kila aliyesoma biolojia ya sekondari amewahi kukichemsha, bado kina msaada. Mkojo unaobadilisha rangi kwenye Benedict ilhali ukanda wa kupima glukosi hauonyeshi kitu una sukari nyingine isiyo glukosi. Hilo halithibitishi njia ya mkato. Linaweza kuwa galaktosemia ya kurithi, ambayo ni dharura: mtoto hutapika, hulegea, hupata maambukizi makali ya damu, na daktari husitisha maziwa yote yenye laktosi, ya mama yakiwemo, hadi kimeng'enya kipimwe. Kinyume chake, mtoto aliyechangamka na anayeongezeka uzito hapaswi kuachishwa ziwa nyumbani kwa sababu ya kipimo cha mkojo peke yake.

Sukari kushuka saa chache baada ya kula

Wengi wetu tumezoea kwamba sukari hushuka kwa mtoto aliyekaa na njaa, mwenye malaria kali au aliyeambukizwa damu, na ni sahihi kuanza na hayo. Kinachopaswa kuzua swali ni mtoto anayelegea, kutoka jasho au kupata degedege saa chache baada ya kushiba. Insulini hutoka kwenye kongosho na kupita kwenye ini kwanza, ambako sehemu kubwa yake huondolewa. Inapopita njia ya mkato huingia mwilini ikiwa na nguvu yake yote, na sukari iliyopanda kwa chakula huporomoka. Ukipima asubuhi kabla ya kunywa chai unaweza kupata namba nzuri kabisa na kumrudisha mtoto nyumbani. Pima pia saa 2 hadi 4 baada ya mlo, na sukari ikiwa chini chukua sampuli ya insulini wakati huo huo kabla ya kumpa glukosi, mradi mtoto yuko salama kwa sekunde hizo chache. Akiwa na degedege, glukosi kwanza.

Kusinzia, kubadilika tabia, kushuka darasani

Hapa ndipo watoto wengi hupotelea, kwa sababu dalili hizi zina majina mengi ya nyumbani na shuleni: mvivu, mzito, mtundu, ana mapepo. Amonia inayozalishwa na bakteria wa utumbo, ambayo ini lingeigeuza kuwa urea, hufika kwenye ubongo. Mtoto mdogo huwa na hasira na usingizi uliogeuka, akilala mchana na kukesha usiku. Aliyefika umri wa shule hushindwa kutulia, husahau, mwandiko huharibika. Hali hupanda na kushuka, na mzazi makini atagundua kwamba huwa mbaya zaidi mtoto akifunga choo, akiwa na homa, au baada ya mlo mkubwa wa nyama. Sifa hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo hutofautisha tatizo hili na ulemavu wa akili uliotokana na kuzaliwa kwa shida, ambao haubadiliki wiki kwa wiki.

Sababu nyingine za amonia nyingi lazima zifikiriwe: kasoro za kurithi za mzunguko wa urea, ini lililofeli, na dawa ya valproeti. Hii ya mwisho ninaitaja kwa mkazo. Mtoto ambaye vipindi vyake vya kupotewa na fahamu vimeitwa kifafa anaweza kuandikiwa valproeti, dawa ambayo yenyewe hupandisha amonia, na akazidi kuwa mbaya kila dozi inapoongezwa. Mtoto wa kifafa anayesinzia zaidi baada ya kuanza dawa hii anahitaji kupimwa amonia kabla ya kuongezewa dozi.

Kipimo cha amonia, hata hivyo, ni rahisi sana kuharibika, na kwa maoni yangu majibu mengi ya uongo hutoka kwenye kitanda cha mgonjwa, si kwenye mashine. Mkono usifungwe mpira kwa muda mrefu, mtoto asiwe anapambana na kukunja ngumi, damu itiririke yenyewe, chupa iwekwe mara moja kwenye barafu yenye maji, na maabara iwe imeshaambiwa ili plazma itenganishwe haraka, ikiwezekana ndani ya dakika 15. Sampuli iliyokaa dirishani ikisubiri mhudumu arudi kutoka chakula cha mchana itaonyesha amonia nyingi kwa mtoto yeyote. Kwa mtoto aliyevuka umri wa uchanga, kiwango kinachozidi mikromoli 50 kwa lita katika sampuli iliyochukuliwa vizuri kinahitaji maelezo. Kiwango cha kawaida hakimwachii mtoto huru, kwa kuwa amonia hubadilika ndani ya siku moja. Maabara inayoweza kupima asidi za nyongo kwenye damu ya asubuhi kabla ya kula hutoa msaada mkubwa, kwani mara nyingi hupanda hata wakati amonia iko chini na vimeng'enya vya ini ni vya kawaida. Katika hospitali za rufaa, MRI ya ubongo inaweza kuonyesha mng'ao katika sehemu ya ndani ambako manganizi hujikusanya, madini mengine ambayo ini lilipaswa kuyatoa kupitia nyongo.

Kukosa pumzi

Mapafu huathiriwa kwa namna mbili zinazopingana, na kuzichanganya huleta hasara.

Namna ya kwanza ni mishipa midogo ya mapafu kutanuka kupita kiasi, damu ikapita bila kuchukua oksijeni ya kutosha. Midomo na kucha huwa za buluu, ncha za vidole huvimba na kuwa za mviringo, na mtoto hujisikia vizuri zaidi akilala kuliko akisimama, jambo lililo kinyume na wagonjwa wengi wa moyo. Kipimo kinachopatikana hata zahanati ni kipima oksijeni cha kidoleni: soma namba mtoto akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika kadhaa. Kushuka kwa namba anaposimama ni dokezo zito. Kumbuka mwinuko wa mahali ulipo. Asilimia 95 kwa mtoto wa Mombasa haina maana sawa na asilimia 95 kwa mtoto wa nyanda za juu. Uthibitisho hufanywa kwa eko ya moyo huku maji ya chumvi yaliyotikiswa yakachanganyika na mapovu madogo yakidungwa kwenye mshipa wa mkono. Mapovu yakionekana upande wa kushoto wa moyo ndani ya mapigo matatu ya kwanza, kuna tundu kwenye moyo. Yakichelewa hadi pigo la tatu hadi la sita, yamepitia kwenye mapafu.

Namna ya pili ni mishipa ya mapafu kusinyaa na kuwa migumu, shinikizo likapanda. Mtoto huchoka haraka, huzimia akikimbia, na oksijeni inaweza kuwa nzuri kwa muda mrefu. Sababu za kawaida katika eneo letu ni kasoro za moyo ambazo hazikuzibwa mapema, ugonjwa wa vali unaofuata homa ya baridi yabisi, na selimundu. Zikiondolewa zote na shinikizo likabaki bila mwenyewe, kabla ya kuandika kwamba chanzo hakijulikani, mtoto afanyiwe ultrasaundi ya mshipa wa porta. Kipimo hicho ni cha bei nafuu, na hasara ya kutokifanya ni kubwa: tatizo la oksijeni ndogo kwa kawaida hupungua njia ya mkato ikizibwa, lakini shinikizo la mapafu likishakomaa linaweza lisirudi nyuma.

Uvimbe ndani ya ini

Ini lililonyimwa damu ya porta hulishwa zaidi na ateri, na mabadiliko hayo huotesha vinundu. Vingi si saratani, ingawa adenoma (uvimbe unaoweza kugeuka saratani), hepatoblastoma (saratani ya ini ya watoto wadogo) na saratani ya seli za ini zimewahi kupatikana kwa watoto hawa. Mwenye ultrasaundi anayeona uvimbe kwenye ini la mtoto atafikiria kwanza jipu, na akiwa Turkana au katika jamii nyingine za wafugaji atafikiria uvimbe wa maji wa minyoo ya mbwa, na yuko sahihi. Uvimbe ukiwa mgumu, bila maji ndani, bila homa, kwa mtoto asiye na hepataiti B, ageuze kipimo chake kidogo na kuutazama mshipa wa porta kabla ya kumtuma mtoto akadungwe sindano ya kuchukua kipande. Kipande hicho kikisomwa bila kujua kwamba kuna njia ya mkato kinaweza kupotosha, na vinundu vingi visivyo saratani husinyaa baada ya damu kurudishwa kwenye njia yake.

Damu kwenye choo

Ni dalili adimu. Njia ya mkato inayoshuka kuelekea kwenye mishipa ya nyonga inaweza kufanya mishipa ya utumbo wa mwisho ivimbe na kutoa damu, na kwa wasichana damu inaweza kutoka ukeni. Kwa mtoto anayeishi kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo ni sababu ya kawaida zaidi.

Tofauti na magonjwa yanayofanana

Kichocho cha muda mrefu, kuganda kwa damu ndani ya mshipa wa porta na ini lenye makovu huweza nayo kufungua njia za pembeni, lakini hizo ni matokeo ya shinikizo: damu imezuiwa na inatafuta pa kutokea. Mtoto huyo ana wengu mkubwa, chembe sahani chache, pengine maji tumboni au historia ya kutapika damu. Mtoto mwenye njia ya mkato ya kuzaliwa hana shinikizo la kumsukuma. Wengu wake kwa kawaida ni wa ukubwa wa kawaida, tumbo ni kavu, na mshipa wa porta ndani ya ini ni mwembamba au hauonekani. Tofauti hii ni ya lazima, kwa sababu kuziba njia ya pembeni ya mtoto mwenye shinikizo kunaweza kumletea kutokwa damu kwa hatari.

Maneno "mshipa wa porta haupo" kwenye ripoti yasipokewe kama hukumu. Mwaka 1994 Morgan na Superina walizigawa njia za mkato zilizo nje ya ini katika makundi mawili, kundi la kwanza likiwa la watoto walioonekana kutokuwa kabisa na mshipa huo ndani ya ini, na kwa miaka mingi watoto wa kundi hilo waliambiwa tiba yao ni kupandikizwa ini. Baadaye ilidhihirika kwamba kwa wengi wao mshipa upo, umesinyaa tu kwa kukosa damu. Kipimo kinachoamua ni kuingiza katheta (mrija mwembamba) ndani ya mshipa, kuziba njia ya mkato kwa puto kwa muda mfupi, kumwaga dawa ya picha na kusoma shinikizo. Matawi yaliyofichika hujitokeza hapo hapo.

Kuziba au kungoja

Njia ndogo zilizo ndani ya ini mara nyingi hujifunga zenyewe katika mwaka wa kwanza, nyingine hadi mwaka wa pili, kwa hiyo mtoto mchanga asiye na madhara hufuatiliwa kwa ultrasaundi, galaktosi na amonia. Njia zilizo nje ya ini kwa kawaida hazijifungi. Penye dalili yoyote kati ya zilizoelezwa, au njia ikibaki wazi baada ya umri wa miaka miwili, mwelekeo wa wataalamu wengi leo ni kuiziba hata kama mtoto anaonekana mzima. Nauona mwelekeo huo kuwa wa busara, kwa kuwa madhara ya mapafu na vinundu hukua kimya kwa miaka. Huzibwa kwa kizibo kinachopitishwa kwa katheta au kwa upasuaji. Shinikizo la porta likipanda sana wakati wa jaribio la puto, kwa mfano kuvuka takriban milimita 25 za zebaki, kazi hufanywa kwa awamu mbili: kwanza njia hubanwa, na miezi kadhaa baadaye, mishipa ya ini ikishatanuka, hufungwa kabisa. Upandikizaji wa ini hubaki kwa wachache wasioweza kusaidiwa kwa njia hizo.

Wakati wa kusubiri rufaa, laktulosi humsaidia mtoto mwenye amonia nyingi kwa kulainisha choo na kupunguza amonia inayonyonywa. Asinyimwe protini bila maelekezo ya mtaalamu wa lishe. Maharage, dagaa na maziwa ni chakula cha kukua, na kinachohitajika kwa kawaida ni kugawa kiasi kwa milo midogo. Kila homa itibiwe mapema na dawa za usingizi ziepukwe nyumbani. Familia inayosafiri kwenda hospitali ya mbali, nchini au India, ibebe picha zenyewe kwenye diski pamoja na ripoti, kwa kuwa mpango wa tiba hutoka kwenye picha.

Dalili zinazorudi baada ya tiba

Amonia ikipanda tena miezi michache baada ya kuzibwa, sababu ya kwanza ya kutafuta ni kizibo kisichofunga vizuri, na ya pili ni njia nyingine iliyokuwa ndogo na sasa imetanuka. Tumbo likivimba, au mtoto akitapika damu, akiharisha damu au kulalamika maumivu makali katika siku za mwanzo, huenda shinikizo la porta limepanda mno au damu imeganda ndani ya mshipa. Huyo hurudishwa hospitali usiku huo huo na hufanyiwa Dopla, ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, kabla ya jambo lingine. Ndiyo sababu wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa kipindi fulani, na zisikatishwe kwa kuwa mtoto amechangamka. Vinundu vilivyokuwepo huendelea kupigwa picha hata baada ya amonia kutulia, na kinachokua badala ya kusinyaa ndicho kinachostahili ile sindano iliyoahirishwa.